Bisibisi na Diski ya Kimwana

Waliompa jina la Bisibisi hawakumkosea. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgumu, na akishaingia kwenye jambo hatoki mpaka alizungushe lote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za zamani, zile za Windows ambazo mafundi wengine wakiziona wanakunja pua na kumwambia mwenye nazo akanunue mpya. Bisibisi hakumwambia mtu akanunue mpya. Alivuta kiti, akafungua ubavu wa boksi, akapuliza vumbi, akatega sikio. Diski nzima ina mvumo wake wa chini chini. Diski inayokata roho inagonga, kta, kta, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa. Tena kuna diski isiyo na kosa lolote, iliyosingiziwa tu na mafundi wa haraka haraka. Hiyo nayo aliijua.

Zamani hakuwa peke yake. Duka lilikuwa la watu wawili, yeye na mumewe. Mume aliitwa Asali kwa jinsi maneno yalivyomtoka. Alikaa mbele na wateja, mke akakaa nyuma ya pazia na mashine, na mteja akiulizwa nani kamtengenezea, alijibu kwamba ni Asali. Bisibisi hakuona ubaya. Mume na mke, chungu kimoja. Ubaya ulikuja miaka ilipopita na mtoto hakupatikana. Mama mkwe akaanza kuja dukani makusudi. Anajiweka kwenye benchi la wateja, anakunja miguu, na kusema kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua:

"Mashine za watu zote zinawaka mikononi mwake. Tumbo lake tu ndilo halina fundi."

Wateja walicheka. Asali naye alicheka, kidogo, kwa adabu, kama anayemcheka mtu wa nyumba ya pili.

Talaka ilipokuja, duka lilibaki kwa Asali kwa sababu kibao cha mlangoni kilikuwa na jina lake. Nyumba ilibaki kwake kwa sababu kiwanja kilikuwa cha mama yake. Bisibisi alitoka na mkoba wa vifaa na nguo zake, akapanga chumba nyuma ya duka la kutoa kopi, mahali ambapo jua lilikuwa likiingia kupitia tundu moja la dirisha na kuunguza kila kitu kilichokuwa mezani. Asali akaajiri mafundi, akaoa msichana mzuri aliyemwita Kimwana, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo. Hazikupita siku nyingi Kimwana akazaa mtoto wa kike.

Mama mkwe alimbeba yule mtoto mgongoni akazunguka naye njia nzima, na ingawa mlango wa Bisibisi haukuwa kwenye njia yake, aliupitia. Alipofika pale alisimama, akajifanya anamfunga mtoto vizuri. Alimfunga, akamfungua, akamfunga tena, mpaka alipohakikisha aliyemo ndani ameona. Kisha akaenda zake bila salamu.

Mtoto alipokuwa ameanza tu kutembea, homa ilimchukua. Alipelekwa hospitali asubuhi, na jioni akarudishwa amefunikwa. Bisibisi alisikia habari hizo kwa mwenye duka la kopi. Alisema, "Mungu amlaze pema," akaendelea kukaza skrubu. Moyo wa mtu ni msitu. Yeye mwenyewe hakujua alichohisi.

Basi mchana mmoja, Kimwana akatokea mlangoni amekumbatia boksi la kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa. Alikuwa amekonda. Bisibisi alimtambua, lakini hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Shikamoo dada," Kimwana alisema.

"Marahaba. Lina nini?"

"Haliwaki. Linaanza, linaonyesha rangi ya bluu, linazima, linaanza tena. Mafundi wa dukani kwetu waliweka CD ya Windows, wakaambiwa hakuna diski. Wakasema diski imekufa, nikalitupe." Akaliweka boksi mezani. "Dada, usimwambie Asali kama nimekuja. Anasema nimezidi kulia. Lakini simu yangu iliibiwa, na picha za mtoto zote zimo humu. Na kuna video baba yake alizipiga na kamera wakati mimi sipo nyumbani. Akaziweka humu. Nilisema nitaziangalia kesho, nitaziangalia kesho. Sikuwahi kuziona. Moja ni ya siku aliyoanza kutembea."

Bisibisi alichomeka nyaya, akaliwasha, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaokuja kabla Windows haijaamka. Kimwana alikuwa amesimama nyuma yake. Akaisoma tarehe iliyokuwa pembeni ya skrini.

"Mwaka huo mtoto hata hajazaliwa," alisema.

"Mashine ikizeeka inapotea njia," Bisibisi akajibu. "Iache. Uje kesho."

Hakuhitaji kesho. Alijua ugonjwa tangu alipoiona ile tarehe. Kwenye bodi ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, na ikiisha, mashine inasahau mambo yote iliyoambiwa: saa, tarehe, na hata namna ya kuzungumza na diski yake. Diski ilikuwa nzima. Ni kama mtu aliyezoea kuitwa kwa jina moja, ukamwita kwa jingine, akanyamaza, nawe ukasema amekufa. Kimwana alipopinda kona tu, Bisibisi alibadili betri, akarudisha mpangilio wa diski kama ulivyokuwa, akaiwasha upya. Windows ikafunguka bila kinyongo.

Angeweza kuishia hapo. Lakini aliifungua ile video ya mtoto kutembea.

Ilikuwa sebule aliyoichagulia rangi yeye mwenyewe. Kamera ilitikisika, kisha ikatulia. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kochi, amevaa gauni la njano, anaangalia miguu yake kama vile ameiazima. Mama mkwe alichutama mbele yake, mikono wazi.

"Njoo, njoo kwa bibi. Njoo, mfuta aibu yetu. Yule gogo angetupa nini? Angetuzalia nyaya."

Nyuma ya kamera Asali alicheka. Kidogo, kwa adabu. Mtoto akaachia kochi, akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, akaangukia kifuani kwa bibi yake, na wote wakashangilia.

Bisibisi aliirudia. Akarudia pale pa gogo, kisha pale pa kicheko. Akaondoka kwenye kiti, akafunga mlango, akarudi.

Kufuta tu aliona hakutoshi, maana alijua vinavyofutwa jinsi vinavyofufuliwa. Ndiyo ilikuwa riziki yake. Alichukua programu aliyokuwa akiitumia kwa ofisi zinazouza mashine zao kuukuu, ile inayopita juu ya diski yote na kuandika sifuri, kutoka mwanzo mpaka mwisho, pasibaki hata unyayo. Ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mstari ulitambaa kwenye skrini, na pembeni palikuwa na kitufe cha kusimamisha. Alikaa akiutazama mstari. Mwenye duka la kopi aligonga kumwuliza kama ana chenji, akasema hana. Kitufe hakukigusa. Kazi ilipokwisha aliweka Windows mpya, safi, yenye picha ile ya kilima cha kijani na mawingu.

Kesho yake Kimwana alikuja mapema.

"Inawaka," Bisibisi alimwambia. "Ila vya ndani vimekwenda. Diski ilikuwa imeshaoza. Nimejitahidi."

Kimwana alitazama kile kilima cha kijani. Aligusa skrini kwa kidole, kama anayepima joto la uji.

"Vyote?"

"Vyote."

"Ahsante dada," alisema. "Wewe angalau umejaribu."

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo Bisibisi hakulipigia hesabu. Aliyafikiria machozi, akafikiria hasira. Shukrani hakuifikiria. Kimwana akawa anapita pale mara kwa mara, kwanza kusalimia, baadaye kukaa. Nyumbani kwake hapakukalika. Mama mkwe alishatangaza kwamba mtoto aliuawa na uzembe wa mama yake, na kwa kuwa mimba nyingine haikuingia upesi, alikwishaanza kumtafutia mwanawe mke wa tatu. Asali hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alicheka kidogo. Mwishowe Kimwana naye akatoka na mfuko wa nguo, na mlango aliobisha ulikuwa wa Bisibisi.

"Sina ndugu mji huu," alisema. "Nifundishe kazi, dada. Nitafagia, nitapika."

Bisibisi angekataa, lakini angetoa sababu gani? Akamwekea kiti.

Binti alikuwa mwepesi. Alijifunza kusikiliza diski, kusafisha vumbi kwa brashi ya rangi, kutambua waya uliolegea na feni iliyochoka. Wateja walimpenda kwa sababu aliwaambia pole. Walikula sahani moja, wakalala chumba kimoja, wakawasema watu wale wale. Kimwana alikuwa na mzaha wake: kila boksi lililokuja kwa kelele nyingi na kumbe halina kitu, aliliita Asali. Bisibisi alicheka mpaka akafuta machozi. Mwenye duka la kopi alikuwa akisema hajaona wake wenza waliopatana hivyo baada ya kuachwa. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao Bisibisi hakuufundisha. Mashine yenye tarehe iliyorudi nyuma ikija, aliivuta upande wake, akageuza mgongo, akaitengeneza mwenyewe.

Siku Bisibisi aliyokwenda kung'olewa jino, mwalimu wa shule ya jirani alileta kompyuta. Aliporudi, shavu limevimba, alimkuta Kimwana amekaa mbele ya skrini inayowaka.

"Hii ilikuja inasema haina diski," Kimwana alisema bila kugeuka. "Nikaona tarehe si yenyewe. Nikabadili betri. Haikutosha, nikaingia kwenye mipangilio, nikajaribu kimoja kimoja. Imewaka. Kazi zote za mwalimu zimo."

"Vizuri."

"Yangu ilikuwa hivi hivi, dada."

"Kila diski na ugonjwa wake."

"Ilikuwa inagonga?"

Bisibisi aliweka mkoba chini. Ganzi ya jino ilikuwa haijamtoka, na ulimi ulikuwa mzito. Angeweza kusema iligonga. Neno lilikuwa pale pale. Lakini Kimwana alishageuka, na Bisibisi ndiye aliyemfundisha kumsikiliza mwenye mashine kabla ya mashine.

"Haikugonga."

"Iliwaka?"

"Iliwaka."

Feni ya kompyuta ya mwalimu ilivuma. Kimwana hakunyanyuka.

"Alinitukana," Bisibisi akasema. "Mama mkwe. Mle mle ndani ya video, mbele ya mtoto, aliniita gogo. Na yule mwanamume akacheka."

"Mimi ameniita muuaji," Kimwana alijibu. "Mtoto alikuwa anafanya nini?"

"Nini?"

"Kwenye video. Umemwona, mimi sikumwona. Alikuwa anafanya nini?"

Bisibisi akaanza kusimulia amesimama, kama mwanafunzi. Kochi. Gauni la njano. Miguu aliyoitazama kama si yake. Hatua, kuyumba, hatua. Kimwana alisikiliza macho yamefumba. Ilipokwisha aliuliza kama mtoto alicheka kabla ya kuachia kochi au baada. Bisibisi akasema baada. Kimwana akafungua droo, akachukua bisibisi mbili na brashi, akabeba mfuko wake wa nguo, akatoka.

Hakwenda mbali. Alipata meza kwenye kibaraza cha fundi saa, barabara hiyo hiyo, na wateja wengi wakamfuata kwa ajili ya zile pole zake. Hakumsema Bisibisi kwa mtu. Wateja walipouliza wamegombania nini, alijibu kwamba yule ni dada yake, nao wakaona ni mambo ya ndugu, yataisha.

Ila kila baada ya siku kadhaa alikuja. Alivuta kile kiti chake cha zamani, akakaa, akasema, "Niambie." Kama kulikuwa na mteja, alisubiri mteja aondoke. Na Bisibisi alisimulia. Mara ya kwanza aliona kama analipa, na alisimulia kwa moyo. Mara zilizofuata alisimulia ili aachwe. Baadaye, maneno yakawa yanatoka na picha haiji tena. Aliliona kochi, halafu akaona ni kochi alilonunua yeye, enzi zake. Uso wa mtoto ulimkimbia. Alijaribu kuuvuta, akaupata ule uliofungwa mgongoni mwa bibi, mlangoni pale, umelala.

Siku moja alisema gauni lilikuwa jekundu.

"Ulisema njano," Kimwana alimkatiza.

"Labda njano."

"Hakuna labda. Baba yake amekataa hata kunisalimia, bibi yake ananitemea mate. Umebaki wewe."

"Njano," Bisibisi alisema. "Ilikuwa njano."

"Kabla ya kuachia kochi, alicheka?"

Bisibisi alitazama mikono yake mezani. Hakukumbuka alichojibu siku ya kwanza. Hakukumbuka kama mtoto alicheka hata kidogo.

"Alicheka," alisema.

Kimwana alimtazama muda mrefu, jinsi fundi anavyotazama skrini anayojua inadanganya. Kisha akasogeza kiti karibu zaidi na meza.

"Anza tena," akasema.