Karatasi za Kuharibu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyosimama mbele ya wakubwa pale Kasongo na swali langu. Na kwa kuwa wewe sasa unajiandaa kusimama na la kwako, hilo la kufundisha sanaa, sogea karibu nikueleze. Niliogopa kidogo, sikatai, lakini nilijua nilichokuja kusema.

Wakati wa Wabelgiji, kijana aliyesomea ualimu kwa mapadri alipaswa kuchagua jambo moja la shule, alichunguze, kisha alieleze mbele ya mkuu na mkaguzi, ndipo apewe cheti. Wenzangu walichagua hesabu na usafi. Mimi nilichagua uchoraji, kwa sababu niliupenda, na kwa sababu mkuu wetu, padri mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, alikuwa ametangaza kwamba watoto wa huku hawana mkono wa kuchora. Saa ya kuchora alitaka kuifuta, watoto waende shamba la pamba. Swali langu lilikuwa fupi: kwa nini mtoto anayechora vizuri nyumbani anachora vibaya darasani? Ningeshindwa kulijibu, saa ile ingefutwa, na cheti changu pengine kingepotea pamoja nayo.

Nikatumwa Kabambare, kwenye shule ndogo ya mwalimu Anselmi, mzee wa pale pale, Mbangubangu kwa kabila, mwenye ulimi mkali na moyo mzuri. Siku ya kwanza nilivaa kaptula iliyopigwa pasi na viatu vyeusi vinavyong'aa. Ujana una mambo yake. Nikawapanga watoto mstari, nikamuuliza mmoja mmoja kwa nini hachori vizuri. Wote wakajibu hawajui. Jioni Anselmi aliniita kwake, akanipa ugali wa muhogo na samaki, akaningoja nishibe kabisa.

"Weye uko unauliza sawa mukubwa wa serikali," akasema. "Mutoto akiona viatu vile, anatafuta jibu ya kukupendeza. Toa viatu, kaa nao chini, nyamaza."

Maneno yale yalinichoma, lakini viatu nilivua. Kuanzia kesho yake nikawa nakaa na watoto uani kabla ya kengele, miguu mitupu, bila kuuliza kitu. Mmoja wao, jina lake Kisubi, aliokota kijiti akachora kiboko kwenye mchanga uliofagiliwa, mkubwa kuliko mkeka, na meno yake, na ndege juu ya mgongo. Nilitamani kumpigia makofi. Siku hiyo hiyo darasani akapewa karatasi, akachora kiboko mwingine pembeni kabisa, mdogo kama punje ya maharage. Tulipokwisha kuzoeana nilimuuliza kwa upole imekuwaje. Alijibu bila kunitazama.

"Ile ya chini nitafagia. Ya karatasi, nikiharibisha, nitapigwa."

Kumbe ni hivyo tu. Karatasi zilikuwa adimu, na mtoto aliyechafua ya kwake alikula fimbo. Nikatafuta karatasi kuukuu zilizoandikwa upande mmoja, nikawagawia, nikawaambia hizi ni za kuharibu, hakuna atakayeulizwa. Mwanangu, walichora mpaka nafasi ikawaishia. Nilifurahi hata nikacheka peke yangu njiani. Lakini walikuwapo wachache waliochora vidogo vidogo hata kwenye mchanga, na hao sikuwaelewa. Karatasi zao nilizichukua pamoja na nyingine.

Siku ya Kasongo ikafika, nikazitandaza zote mezani, zilizonipendeza na zilizonishinda. Mkuu alizitazama, akakohoa, akasema bila shaka niliwasaidia watoto. Nikamjibu kwamba darasa la watoto wa Kasongo lilikuwa mlango wa pili tu. Awape yeye karatasi, awaambie wasiogope, mimi nibaki nje. Mkaguzi, Mbelgiji mnene asiyependa maneno mengi, akakubali. Wakaenda.

Waliporudi, mkuu alikuwa anatabasamu. Kila karatasi ilikuwa na kitu kidogo pembeni, basi. Wenzangu waliokuwa wakingoja zamu yao wakainamisha vichwa wakijua nimekwisha. Mimi nikamgeukia mkaguzi, nikamuuliza fimbo ya darasani ilikuwa wapi padri alipokuwa anawaambia watoto wasiogope. Akafikiri. Ilikuwa mezani, akasema, mbele yao.

"Basi wamejibu swali langu," nikasema kwa Kifaransa changu cha kuhangaika. "Kabambare nilikaa nao chini mpaka woga ukawatoka. Hapa wameambiwa wasiogope huku fimbo wanaiona. Na hawa wachache waliochora kidogo hata mchangani, sababu yao siijui. Sitawadanganya."

Mkaguzi alichukua tena karatasi za wale wachache, akazitazama kwa muda mrefu kuliko zile nzuri. Akasema mtu anayeonyesha asichokijua, yeye atamwamini kwa anachokijua. Saa ya kuchora ikabaki, na fimbo ikaamriwa kukaa nje wakati wa kuchora. Cheti nilikipata.

Jioni mkuu alinikuta mlangoni. Nilidhani atanigombeza.

"Kwetu vilevile," akasema kwa Kiswahili chake, "baba yangu alinipiga juu ya karatasi niliyoharibu."

Akakohoa, akaenda zake. Tangu siku ile hata saa ya hesabu fimbo sikuiona tena mezani pake.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Beba swali unalolipenda, maana utalala nalo na kuamka nalo. Wale unaowachunguza usiwasimamie kama askari, kaa nao mpaka wakusahau. Kilichokushinda kiweke mezani pamoja na kilichokupa raha, usikifiche hata kidogo. Na jaribio likikugeuka mbele za watu usikimbie. Tulia, uulize kulikuwa na nini mle chumbani.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka na wasikilizaji wenye haki. Na siku wewe utakapokuwa mkubwa, watoto wamesimama mbele yako, Mungu asikubali wakuogope.