Kitunguu cha Mwanaima

Mwanaima wa Kibuyuni ni mbishi, wala habishani na watu peke yao. Amekwisha kubishana na redio, na kiberiti kilicholowa, na mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na miwili, alibishana na kitabu cha biolojia.

Kitabu kilidai kwamba seli moja hugawanyika ikawa mbili, na kila moja ikawa kamili. Mwanaima akakifunga. Yeye amegawa samaki tangu utotoni, na hajamwona changu aliyekatwa katikati akawa changu wawili. Alimweleza hivyo Mwalimu Concepta, aliyetoka bara kuja kufundisha darasa la watu wazima, akaongeza kwamba hata mtihanini hataandika jambo asiloliona kwa macho yake. Mtihani ulikuwa mwezi ujao, na somo hilo ndilo lililomwangusha mwaka jana.

Concepta hakushindana naye. Aliazima hadubini kwa siku moja tu, Alhamisi, akamtaka kila mmoja aoteshe mizizi ya kitunguu juu ya glasi ya maji, kwani kwenye ncha ya mzizi mchanga seli hugawanyika kwa wingi.

Sasa Mwanaima, mkulima wa mwani kwa miaka kumi na minane, alitaka kitunguu chake kiwapiku wenzake. Akateremka pwani, akateka maji ya bahari. Mwani wake hunenepa humo. Kitunguu kina nini cha kuringa? Alhamisi alifika na kitunguu chenye kipara, bila mzizi hata mmoja. Shutu, shoga yake wa benchi moja, alicheka mpaka akashika mbavu. Concepta akaeleza kwamba chumvi ile huzinyonya seli maji. Mwanaima alisema kitunguu kilikuwa kibovu tangu dukani.

Hadubini ilitakiwa kurudishwa saa kumi. Shutu akamwonea huruma, akamkatia mzizi wa kitunguu chake. Concepta akautia dawa na rangi, akauponda chini ya kioo, na Mwanaima akafumba jicho moja. Ndani ya seli moja aliona vijiuzi vyeusi vimejitenga pande mbili, sawa kwa sawa. Concepta akamweleza kwamba seli hunakili kwanza urithi wake wote, ndipo igawanyike, na kila upande huondoka na urithi mzima.

“Na mwani, mwalimu?” aliuliza. “Mbegu yetu si kipande tu tunachokikata kwenye mwani wa zamani, tukakifunga kambani?”

“Nacho hukua kwa seli kugawanyika. Ni mwani uleule, mama.”

Mbegu yake ya kwanza Mwanaima alipewa na Husna, aliyemfundisha kufunga kamba, na ambaye ni marehemu mwaka wa sita sasa. Tangu siku ile amekuwa akikata mwani huohuo na kuufunga upya. Machozi yakamtoka, akasingizia kitunguu cha Shutu.

Swali la seli lilikuja mtihanini. Mwanaima alijaza ukurasa mzima, na mahali palipotaka mfano, akaandika: mwani wa Husna.