Kwaya Nzima, Mgeni Mmoja

Kambi ya Bomba Moja ilikuwa na bomba moja. Ilikuwa pia na choo kimoja cha shimo chenye mlango wa bati, banda moja la kupikia, na mlinzi mmoja, Mzee Loserian, ambaye habari zake ndizo nataka kueleza hapa. Ilikuwa msituni, upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu sana ya Elerai, na mtu yeyote mwenye hema aliruhusiwa kulala kwa ada ya shilingi moja. Hapakuwa na kitanda, taa wala maji ya moto. Maji ya bomba yalikuwa baridi kiasi kwamba watu walinawa uso kwa zamu, mmoja akinawa na wengine wakimtazama kuona kama atapona.

Nilimfahamu Loserian kwa sababu ya kazi. Nilikuwa karani wa Bwana Miti, ndivyo watu walivyomwita Mzungu aliyesimamia misitu, na kila mwisho wa mwezi nilipanda kuchukua fedha za ada na kunakili kitabu cha wageni. Loserian alikuwa Mwarusha mrefu wa miaka kama sitini, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye koti zito lililokuwa na vifungo saba vya aina saba. Mwandiko wake, aliojifunza misheni, ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mkewe, Simaloi, alikuwa na jogoo mmoja aliyeogopwa kambi nzima.

Siku moja nilipokuwa kule, fundi Tarlochan Singh alikuwa anaondoka na familia yake. Fundi huyu alikuwa na gereji mjini, na mara tatu kwa mwaka aliwapandisha mlimani kwa lori la gereji: yeye, mkewe Gurbachan, mama yake mzazi na watoto wanane. Walipokwisha kupanda, Loserian alisimama nyuma ya lori, akawatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wakiingia boma jioni.

"Mwenye pengo hayupo," akasema.

"Wapo wote, mzee," Gurbachan akamjibu. "Nimehesabu. Wanane."

"Wewe umehesabu, mama. Mimi nimetazama. Mwenye pengo hayupo."

Gurbachan akahesabu tena, akagundua kwamba mmoja wa wale wanane alikuwa gunia la viazi lililovalishwa sweta. Mwenye pengo alikutwa chooni. Mlango wa bati ulikuwa umemkwama, naye alikwisha kukata tamaa na alikuwa anaimba.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha tu mpaka Julai 1956, barua ilipofika kutoka Dar es Salaam. Ilisema kambi zote za hali ya chini zilizopata wageni pungufu ya mia moja kwa mwaka zifungwe, mabomba yang'olewe, na walinzi waachishwe kazi. Wananchi wanaopenda kulala mlimani waelekezwe kwenye kambi kubwa ya upande wa mashariki, yenye vitanda na maji ya moto, kwa shilingi sita kila mtu.

Bwana Miti akaniambia nijumlishe. Nikajumlisha mara tatu. Bomba Moja ilikuwa imepata wageni arobaini na mmoja.

"Basi hiyo imekufa," akasema, akaendelea kuchonga penseli.

Nilipokuwa nafunga kitabu ndipo nikaona mstari huu: *Fundi Tarlochan Singh. Mgeni 1. Shilingi 1.* Nikaikumbuka siku ya viazi. Nikapekua nyuma. *Mwalimu Mika, kwaya ya kanisa. Mgeni 1.* Mwezi uliopita nilikuwa nimenakili mstari huo kwa mkono wangu, nikidhani mwalimu amekwenda msituni peke yake kufanya mazoezi ya sauti.

Kesho yake nikapanda mlimani kabla jua halijawa kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Mbona umekuja katikati ya mwezi? Nani amekufa?"

"Kambi. Mzee, kwaya ya Mwalimu Mika ilikuwa na watu wangapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza habari za chumbani kwake. "Walikuwa wengi."

"Wengi kiasi gani?"

"Kiasi cha kwaya."

Nikamsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwenye neno la mabomba kung'olewa akaenda kulifunga bomba vizuri zaidi, ingawa halikuwa likivuja.

"Karani," akasema, "wewe ni Mmeru wa Akheri, labda kwenu mnahesabu. Kwetu watoto wa mtu hawahesabiwi, wala ng'ombe wake. Ukisema wako wanane, kuna kitu kinasikia, kinakuja kuwafanya saba. Namwandika mwenye familia kwa kuwa yeye ameshakuwa mkubwa, akipatwa na jambo atajitetea. Wengine nawatazama. Hakuna aliyewahi kupotea kwenye kambi yangu."

"Lakini kitabu kinasema hawakuja."

"Kitabu hakikuwatazama."

Simaloi alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. "Miaka kumi na miwili analinda watu wasiokuwepo," akasema. "Ndiyo maana mshahara nao hauonekani."

Nikamuuliza Loserian kama anaweza kuwakumbuka wageni wa mwaka mzima, mmoja mmoja. Akaniuliza kama mimi naweza kuwakumbuka ndugu zangu. Basi tukapatana hivi: yeye atawataja kwa alama zao, kama mchungaji anavyotaja ng'ombe, bila kusema idadi. Kila atakayemtaja, Simaloi atatupa punje moja ya mahindi kwenye debe. Mwisho nitahesabu mahindi. Loserian alifikiri sana, kisha akakubali kwamba mahindi hayana mama wa kuyalilia.

"Ila ayahesabu yeye," akamwambia mkewe. "Mimi nitakuwa naangalia upande mwingine."

Nilimwomba Bwana Miti aje ashuhudie mwenyewe, kwa sababu barua ilitaka hesabu yenye shahidi. Alikuja Jumamosi tarehe 11 Agosti. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, na Tarlochan naye alikuwepo na familia yake. Alikwisha kusikia habari za kufungwa.

"Watu kumi na mmoja kwa shilingi sita ni shilingi sitini na sita," akaniambia chini ya lori, akiwa amelala chali kama yuko gereji. "Kwa fedha hiyo, karani, hawa nitawalaza juu ya matairi na kuwaambia huo ndio mlima."

Bwana Miti akaketi juu ya kigogo, Loserian akasimama, Simaloi akaweka debe chini. Nami nikafungua daftari.

"Tuanze na kwaya," Loserian akasema. "Mwalimu Mika mwenyewe, shingo ndefu." Punje ikalia debeni, *ting*. "Mwenye sauti ya beberu." *Ting*. "Ndugu yake, asiyeweza kuimba lakini ana viatu." *Ting*. "Mama aliyebeba ndizi. Binti aliyekuwa anamtazama mwenye viatu. Binti wa pili aliyekuwa anamtazama mwenye viatu."

Kwaya peke yake ilichukua robo saa. Bwana Miti alianza akiwa amekunja uso, lakini tulipofika kwa familia ya Jamaludin, mwenye duka Kikatiti, alikuwa ameinama mbele anasikiliza.

"Jamaludin, anayekoroma. Mkewe Maleksultan, anayemkanyaga anapokoroma. Mkubwa wao, aliyeleta kitabu cha shule asikifungue. Anayefuata, aliyekifungua akachora ndevu. Mdogo, aliyeuliza kama mlima huu unafungwa jioni."

"Ulimjibuje?" Bwana Miti akauliza.

"Nilimwambia ndiyo, ili alale."

Ilipofika zamu ya familia ya Tarlochan, watoto wakajipanga wasikie alama zao. Yule mwenye pengo alijivuna sana. Aliyetajwa kama "anayekula nyuma ya lori akidhani haonekani" alikasirika, na bibi yao, mama yake Tarlochan, akacheka mpaka shela ikaanguka.

Ni katika kicheko hicho ndipo jogoo wa Simaloi alipofika kwenye debe. Tulipomfukuza alikwisha kula. Ngapi, hatukujua. Mimi nilitaka tuanze upya. Bwana Miti akasema tukianza upya atazeekea hapo, basi nikaandika pembeni: *bila zile zilizoliwa.*

Nilimwaga mahindi juu ya koti langu, Loserian akageuka kutazama miti. Nikahesabu. Nikarudia.

"Mia mbili thelathini na tatu, Bwana."

Tarlochan akalipiga lori kofi. Simaloi akamkamata jogoo kwa furaha. Nami nikahisi joto la mtu aliyefanya kazi nzuri, joto ambalo halikudumu hata dakika moja, maana Bwana Miti alikuwa amechukua penseli.

"Wageni mia mbili thelathini na tatu," akasema taratibu. "Kila mgeni shilingi moja. Kitabu kinaonyesha shilingi arobaini na moja. Karani, shilingi mia moja tisini na mbili ziko wapi?"

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Ni aibu kwa karani kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeiokoa kambi kwa kumpeleka mlinzi wake jela.

"Hazikutozwa, Bwana," nikasema.

"Nani atazilipa? Huyu?" Akamwonyesha Loserian. "Au hao?"

Tarlochan alianza kuwatazama watoto wake mmoja mmoja, na niliona midomo yake inatembea. Alikuwa anajumlisha. Safari tatu, watu kumi na mmoja. Gurbachan akamshika mkono na kumwambia jambo kwa lugha yao, na jambo hilo halikuhitaji mkalimani.

Loserian akageuka kutoka kwenye miti. "Bwana, sijamaliza. Wapo wa Krismasi. Niliwaruka kwa heshima."

"Heshima gani? Malizia."

"Sawa." Akashika kifungo cha juu cha koti lake. "Mwanamume wa Kizungu, shingo nyekundu, aliyeshindwa kusimamisha hema nikamsaidia." *Ting*. Simaloi alikuwa amelirudia debe. "Mkewe, aliyesema alimwonya kuhusu hema. Mtoto mkubwa, aliyetumbukiza kiatu chooni. Wa kati, aliyetaka kujua kiatu kinaanguka muda gani, akatumbukiza cha pili. Mdogo, aliyelia akitaka kuondoka, halafu akalia akikataa kuondoka. Na bibi mrefu, mama yake yule mke, aliyelala ndani ya gari kwa kuogopa wanyama, akawa anapiga honi kila mbega anaponguruma."

Shingo ya Bwana Miti ilikuwa inabadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu.

"Kambi ile ya mashariki," akasema bila kumtazama mtu, "ni ghali mno kwa mtu mwenye familia."

"Ndiyo, Bwana," Tarlochan akamwitikia kutoka kwenye lori, kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa.

"Karani. Mimi nililipa kiasi gani?"

Nilikuwa nimeshafungua ukurasa. "Tarehe 24 Desemba 1955. Bwana Miti. Mgeni mmoja. Shilingi moja."

Mbega mmoja alinguruma mahali fulani msituni. Mtoto mwenye pengo akasema, "Piii," na mama yake akamziba mdomo, lakini Bwana Miti alikwisha kusikia. Alijitahidi kukaza uso. Kwanza yakashindwa mashavu, halafu mabega, na mwishowe alicheka mpaka akashuka kwenye kigogo.

"Andika," akaniambia alipopata pumzi. "Kuanzia leo ada katika kambi hii ni shilingi moja kwa hema, haidhuru nani yumo. Hesabu za nyuma zimefungwa. Idadi ya wageni wa mwaka, mia mbili thelathini na tisa."

"Na zile alizokula jogoo, Bwana?"

"Hizo asamehewe."

Barua yetu ikaenda Dar es Salaam, na kambi haikufungwa. Loserian aliendelea kuandika jina la mwenye familia tu. Safu ya idadi aliiacha tupu, akawa anatupa punje debeni, nami kila mwisho wa mwezi nikapanda kuzihesabu. Simaloi alilitengenezea debe mfuniko.

Kuhusu ada kwa hema, watu walielewa upesi. Tarlochan alikwenda kuungaunga maturubai mawili ya lori, akapata hema moja la kulaza ukoo. Mwalimu Mika akaazima turubai la kanisa, lile la kufunikia mahindi wakati wa mavuno, na kwaya yote ikalala chini yake, wenye sauti nene upande wa upepo. Nilinakili mwenyewe: hema moja, shilingi moja.

Mara ya mwisho nilipokuwa kule pamoja na familia ya Tarlochan ilikuwa miaka miwili baadaye. Lori lilikuwa limejaa, injini inanguruma, na Gurbachan hakuhesabu tena. Alimtazama Loserian, akasubiri. Mzee alisimama nyuma ya lori muda mrefu kuliko kawaida, akipitisha macho mara ya kwanza, mara ya pili.

"Nani hayupo?" Gurbachan akauliza, akianza kushuka.

"Wapo, mama, kaa." Alikuwa anamtazama kijana mmoja wa mstari wa mbele aliyekuwa anatabasamu kwa meno yote. "Huyu ndiye amenisumbua. Ameota meno bila kuniambia. Itabidi nimtafutie alama nyingine."

Akampa ruhusa dereva kwa mkono, akaenda kulifunga bomba.