Friza ya Mama Sekunde

Fundi sanifu wa maabara tulimwita Mama Sekunde, kwa sababu friza yake ilifunguliwa kwa sekunde thelathini tu, naye alizihesabu kwa sauti. Mgeni mmoja wa wafadhili alitaka apigwe picha mlango ukiwa wazi. Ilipofika thelathini, aliufunga mlango kabla mgeni hajamaliza kutabasamu.

Ndani mlikuwa na damu ya watoto mia tatu na kumi na wawili waliopata chanjo ya malaria. Wanangu pacha walikuwamo. Walichomwa sindano siku moja, chumba kimoja, wakalia pamoja. Mmoja hajaugua tangu hapo. Mwenzake amelazwa mara tatu. Kwa nini mwili mmoja ulishika somo na wa pili ukasahau? Jibu lilikuwa likitafutwa kwenye vile vichupa vya damu.

Kisha wafadhili wakakata fedha za utafiti. Mkurugenzi akamwandikia Mama Sekunde barua: friza izimwe Ijumaa, vichupa viteketezwe. Damu ile ikiyeyuka, chembe zake zinakufa, basi tena.

Mwingine angezima, akachukua kiinua mgongo chake, akaenda zake. Yeye alitoa faili la fomu za ridhaa. Mwanzoni mwa utafiti, kila fomu aliisoma mwenyewe kwa mzazi, neno kwa neno. Mimi niliposinzia aliniamsha akarudia aya nzima. Fomu ilisema damu itatunzwa miaka kumi. Tulikuwa mwaka wa nne. Wenzake wakamwonya kwamba unga wake utamwagika. Akachukua simu, akatupigia mmoja mmoja.

Ijumaa asubuhi mkurugenzi alikuta korido imejaa wazazi, na Mama Sekunde kwenye stuli, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa friza.

"Ndiyo nini hii, mama?"

"Ndio wenye damu, bosi. Mimi niliwaahidi kwa mdomo wangu. Ukitaka kuvunja, vunja kwa mdomo wako. Wasomee barua, mmoja mmoja."

Aliwasomea wawili. Wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa na hasira wala sikuificha. Niliwasimamisha pacha mbele yake, mmoja bado ana plasta ya dripu mkononi.

"Kabla hujasoma, niambie kwa nini huyu na si huyu."

Alitazama plasta ile, akaikunja barua.

"Nipeni miezi mitatu nitafute mfadhili mwingine," akasema.

Mama Sekunde hakuinuka. Alimpa kalamu.

"Yaandike hayo nyuma ya barua yako, bosi, uweke sahihi," akasema, akaanza kuhesabu.