Karani wa Moto

Karani wa moto, pale ofisini Arua, ni binti wa askari wa Koboko aliyerudi kutoka vitani akalima muhogo mpaka kijiji kikashiba, na mjukuu wa mwanamke aliyeokoa ghala la mbegu kwa kuupiga moto kwa matawi mabichi hadi ukazimika. Kiangazi chote hutazama picha za setelaiti, ambamo kila moto ni nukta nyekundu. Huweka kidole kando ya nukta bila kuigusa, kama mtu anayeogopa kuungua, kisha hutaja kijiji kwa sauti ya chini na kupiga simu. Siku ile kidole kiliifunika nukta kabisa. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, ambaye haoni tena wala hatembei.

“Lokule, ni nyinyi mmechoma nyasi?” aliuliza kwa simu.

Kaka yake alicheka. “Dada, hiyo jicho yako ya juu inataka nyama? Tunafukuza ndezi tu. Moto iko mbali na nyumba.”

“Ilikuwa mbali wakati wa picha. Sasa imetembea, na upepo inaenda kwa mama.” Sauti yake haikupanda. “Wacha ndezi, ndugu yangu. Kimbia, beba mama kwa mgongo, umuweke katikati ya muhogo ya baba. Pale nyasi haiko.”