Fundi Makochi Aliyeandikiwa Dawa ya Kungoja

Saa moja asubuhi, kochi la watu watatu limelala miguu juu katikati ya karakana. Mwanamke aliyevaa aproni anavuta kitambaa kwa mikono miwili huku akiisukuma fremu kwa tumbo. Ghafla anaacha. Anarudi nyuma, anashika chini ya kitovu upande wa kulia, anaminya, kisha anavuta tena.

"Usiniangalie hivyo," anamwambia mwandishi. "Bado upo. Nimeukagua tu."

Wateja humwita Springi, na si kwa sababu ya zile springi anazozifunga. Hatulii. Katika mazungumzo haya amekaa mara moja, tena kwenye ukingo wa stuli, akainuka kutafuta mkasi aliokuwa ameushika. Anatengeneza viti vya mtaa mzima, mwenyewe kukaa hajui.

Na mtu huyu ndiye aliyeambiwa na daktari angoje.

Uvimbe ulijitokeza mwaka mmoja baada ya kujifungua binti yake wa pili, kwenye msuli wa ukuta wa tumbo. Majirani waliuona kabla hajausema. Mama mkwe alidhani ni mimba nyingine, akaleta nepi.

"Nilizipokea," anasema akicheka. "Ningemwambiaje, na mwenyewe nilikuwa sijui nina nini?"

Kipande kilichotolewa kwa sindano kilileta jibu: desmoidi, uvimbe wa nadra. Si saratani na hausambai, lakini unaweza kukua na kubana vilivyo jirani. Daktari wake, mama wa makamo asiyependa haraka, alimweleza njia zilizopo. Kuna kisu, ila uvimbe huu huweza kukatwa ukarudi, na pengo la msuli utakaoondoka nao huzibwa kwa wavu maalumu. Kuna vidonge vya kuudumaza, navyo vina maudhi yake. Na kuna kuufuatilia kwa picha kila baada ya miezi michache, maana mara nyingi husimama wenyewe, na wakati mwingine husinyaa.

"Nikamuuliza, daktari, kutazama nako ni matibabu?"

Mumewe, dereva wa lori, mpaka leo hajakubali. "Hospitali gani inakutibu kwa kukukodolea macho?" anauliza akiwa mlangoni, funguo mkononi. "Kaka yangu ametutafutia daktari wa upasuaji. Huyo anautoa hata wiki hii."

"Baba watoto, akiutoa na msuli, kochi nitalisukuma na nini?"

Hilo ndilo linalomnyima usingizi. Zamani alimaliza makochi manne kwa wiki. Sasa mawili, kwa kuogopa kunyanyua. Tumbo likikosa nguvu karakana itafungwa, na kazi nyingine haijui.

Ila kungoja nako kumemshinda. Alianza kuuzungushia chaki ya kitambaa kila asubuhi akiwa kitandani, jioni akarudia amesimama mbele ya kioo. Kila siku mstari wa jioni ukawa mpana kuliko wa asubuhi. Akalia, akamwambia mumewe apange siku ya kupasuliwa. Kabla siku haijafika, akaenda kupigwa picha.

Uvimbe ulikuwa palepale, haujaongezeka hata kidogo.

"Daktari akaniuliza, 'Unapima umelala au umesimama?' Nikajua nimeumbuka. Fundi mzima! Hata kitambaa hukipimi asubuhi kimelegea, jioni umekivuta."

Daktari aliiona ngozi ilivyovilia kwa kuminywa, akampiga marufuku kuugusa. Amri hiyo, kwa alivyoshuhudia mwandishi, inavunjwa kila baada ya muda mfupi.

Siku ya upasuaji imeahirishwa, haijafutwa. Mumewe hataki kusikia habari za subira, na Springi mwenyewe anakiri kuna siku anakitamani kisu, liwalo na liwe.

Picha inayofuata ni mwezi ujao. Ikionyesha umekua, ataanza vidonge. Kisu kiwe cha mwisho. Na safari hii mumewe ataliacha lori, aingie naye ndani kwa daktari.

"Nimechoka kuwa mkalimani wa tumbo langu," anasema akiokota nyundo. "Maneno yote yanapitia kwangu, na mimi ni mwoga kama yeye. Asikie kwa masikio yake. Akiambiwa tungoje, angalau tutakuwa wawili tunaoshindwa kungoja."