Maji ya Nani Kichochoroni

Hakuna mtu katika mtaa ule wa bonde la Rhondda aliyewahi kumfundisha Glenys Probert kitu naye akakubali. Alizaliwa binti wa mchimba makaa, akaolewa na mchimba makaa, na mgodi ulipofungwa yeye ndiye aliyelisha nyumba kwa kupika katika shule ya bondeni. Masufuria ya pale yalikuwa ya kubebwa na watu wawili. Glenys alibeba peke yake, na maneno juu. Mumewe Ifor alipokufa, watu wakasema sasa atatulia. Atulie wapi! Alipanda ngazi akabadilisha vigae mwenyewe.

Kisha likaja boila la gesi, likafungwa ukutani jikoni lichemshe maji ya kuzunguka katika vyuma vya joto nyumba nzima. Fundi alipoanza kumweleza habari za geji, ile saa ya mshale inayopima presha ya maji, Glenys alimkata kauli.

"Kijana, mimi nilikuwa napikia sufuria ya presha kabla mama yako hajavunja ungo. Presha naijua."

Na kweli aliijua, ya sufuria. Sufuria presha ikipanda, nyama huiva upesi. Basi na boila, presha ikipanda, nyumba itapata moto. Ndivyo alivyoamini, wala hakumuuliza mtu. Kila asubuhi, kabla ya kuliwasha, alifungua koki mbili ndogo za kuingizia maji chini yake, akautazama mshale ukipita moja, ukipita mbili, ukiukaribia wekundu, ndipo anafunga. Kesho yake anaukuta mshale umelala chini kabisa.

"Linakunywa hili," alisema, "kama Ifor Jumamosi." Akalijaza tena.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mair Bevan. Hao walikuwa chanda na pete tangu wasichana: wamezaa pamoja, wamezika waume pamoja, na saa nne ya asubuhi haikupita bila Mair kuingia kwa mlango wa nyuma, hodi yake ni kukohoa tu, wanywe chai na vile vikeki bapa vya zabibu kavu.

Majira ya baridi yalipoingia, kichochoro cha nyuma kikaanza kulowa, hapo hapo kati ya milango yao. Glenys akatazama, akapima, akahukumu: maji ya deki ya Mair. Na badala ya kumwambia pembeni, alilitoa kwenye chai ya kanisani, watu wote wapo.

"Wengine humu wanamwaga maji machafu mlangoni kwa wenzao, halafu wanakuja kuimba sauti ya kwanza."

Mair, kiongozi wa sauti ya kwanza, akageuka. "Glenys. Mimi?"

"Kofia imemkaa nani?"

Mair aliweka kikombe chini akatoka, na tangu siku hiyo mlango wa nyuma haukukohoa tena. Glenys alikaa na chai yake ikapoa. Alimtamani shoga yake kama mgonjwa anavyotamani mchuzi, lakini aende yeye kwanza? Yeye Glenys? Bora afe.

Asubuhi moja ya baridi kali alisikia ukelele nje. Alitoka na ndara zake za nyumbani. Mair alikuwa chali juu ya barafu, pale pale palipolowa, mguu umekunjika pasipokunjika mguu.

"Mama wee! Mair!"

"Usiniguse!" Mair alikuwa amefumba macho, meno yanagongana. "Niitie watu. Wewe usiniguse."

Glenys alipopiga simu akarudi na blanketi, ndipo aliposikia: *ssss*. Ubavuni mwa ukuta, chini ya dirisha la jikoni, palikuwa na kibomba cha shaba, kimechungulia nje siku zote hizo na yeye hajawahi kujiuliza ni cha nini. Kilikohoa, kikatema. Maji yalimwagikia ndara yake, ya moto, yanafuka, yakateremka taratibu mpaka kwenye barafu alipolala Mair.

Akatumbua macho. Akautazama ukuta kama vile ukuta wa mtu mwingine. Wake. Ulikuwa wake. Damu ilimhama usoni hata waliokuja na gari la wagonjwa wakauliza mgonjwa ni yupi.

Delwyn, yule fundi wa boila, alipofika, alipiga mluzi mbele ya geji. Akazifunga koki kabisa, akakinga bakuli chini ya chuma cha joto, akayatoa maji mpaka mshale ukateremka kwenye moja na kitu.

"Shangazi, maji yakipata moto yanavimba. Wewe umeyajaza mpaka shingoni yakiwa baridi. Yakivimba yaende wapi? Yanatoka nje. Bila kile kibomba, boila lingepasuka."

"Na moto? Presha si ndiyo moto?"

"Nani kakwambia?"

Glenys alikaa kitini na koti lake, mdomo wazi.

Hospitali aliwakuta wanawake wa kanisa wamezunguka kitanda. Mmoja, mwenye huruma nyingi, alikuwa akimpapasa Mair mkono. "Pole, mpenzi. Lakini nawe, maji ya deki katika baridi hii! Mungu amekuonya."

Glenys aliganda mlangoni. Maneno yale yalikuwa yake, ameyazaa mwenyewe, sasa yanatembea kwa miguu yake yenyewe. Na Mair anaitazama tu televisheni ya ukutani.

"Yalikuwa maji yangu," Glenys alisema.

"Unasemaje?" Mair aliuliza bila kugeuka.

"Boila langu. Nililijaza kupita kiasi. Lilikuwa likitema nje."

"Sijasikia. Wala hawa hawajasikia."

"Mair, usinivue nguo mbele ya watu."

"Ulinivua mimi, mbele ya kanisa zima."

Glenys akashika chuma cha kitanda, akasema kwa sauti ya jikoni kwake shuleni, hata wagonjwa wa mwisho wakainua vichwa: "Maji yalikuwa yangu! Mair Bevan hakumwaga hata tone! Nilimsingizia, nimemvunja mguu!"

Yule mwenye huruma aliutoa mkono wake taratibu, asijue auweke wapi. Mair alimtazama Glenys muda mrefu, kama mtu aliyeona mlima ukisogea.

"Kaa chini basi," alisema mwishowe. "Umenizibia televisheni."